Kanga, Kitenge na Kikoi Sebuleni: Mwongozo Kamili wa Kupamba Nyumba kwa Nguo za Kwetu

Mitindo ya mavazi na mitindo ya mapambo ya ndani haipiti tena njia mbili. Kampuni ya Zara ya Hispania, inayojulikana kwa nguo, ilianzisha Zara Home mwaka 2003, na siku hizi rangi inayotawala magauni huonekana msimu huo huo kwenye shuka na mapazia. Kampuni ya Pantone ya Marekani, ambayo hutangaza rangi ya mwaka, ilichagua kahawia laini iitwayo Mocha Mousse kwa mwaka 2025 na nyeupe iitwayo Cloud Dancer kwa mwaka 2026, na matangazo hayo husomwa na washonaji wa nguo na wapambaji wa nyumba kwa pamoja. (Aliyekulia Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwenye kuta za chokaa, anaruhusiwa kutabasamu anaposikia kwamba nyeupe ni habari mpya.)

Kwetu Afrika Mashariki mwelekeo huu umepata sura yake: kanga, kitenge na kikoi vinatoka kabatini na kuhamia sebuleni, vikawa foronya za mito ya makochi, mapazia, vitambaa vya meza na picha za ukutani. Kazi hii haihitaji fedha nyingi, na mwenye cherehani au mwenye fundi jirani anaweza kuikamilisha kwa siku chache. Hata hivyo nimeona nyumba nyingi zilizoharibiwa na kitambaa kizuri kilichokatwa vibaya, na sababu huwa ni ile ile: nguo hizi zina mpangilio wake, na anayezikata kama kitambaa chochote cha dukani hupoteza kile kile alichokilipia. Kwa hiyo hatuanzi na mkasi.

Hatua ya kwanza: Ijue nguo kabla ya kuilipia

Kanga, ambayo watu wa pwani ya Kenya huiita leso, huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vilivyoshikana, na kila kipande kina urefu wa sentimita 150 hivi na upana wa sentimita 110 hivi. Kila kipande kina pindo linaloizunguka nguo pande zote nne, mji ambao ndio uwanja wa katikati, na jina, yaani maneno yaliyopigwa chini ya mji karibu na pindo. Desturi ya kuandika maneno haijaanza jana: duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, linalojulikana kwa alama ya Mali ya Abdulla, lilianzishwa mwaka 1887 na hutajwa miongoni mwa waliotangulia kuweka maneno ya Kiswahili kwenye kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu na baadaye kwa herufi za Kilatini. Kwa mpambaji, maana ya mpangilio huu ni kwamba kanga ni picha iliyokwisha kuwekewa fremu. Ina juu na chini, ina katikati, na inasema neno.

Kitenge hakina pindo wala jina. Mchoro wake hujirudia bila kikomo, huuzwa kwa yadi, mara nyingi katika vipande vya yadi sita, na upana wake ni inchi 45 au 46, ambazo ni kama sentimita 115. Ndiyo maana kitenge hufaa kwa kazi zinazohitaji urefu, hasa mapazia. Kabla ya kulipa, kigeuze. Kitenge cha nta, cha aina ambayo kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, ilijenga jina lake kwa kuiga batiki za Java, huonyesha mchoro kwa nguvu karibu sawa pande zote mbili, wakati kitenge kilichopigwa chapa upande mmoja huwa kimepauka nyuma. Kwa foronya, upande wa nyuma haujalishi. Kwa pazia unajalisha sana, kwa sababu jirani yako atautazama upande huo kila siku.

Kikoi ni kitambaa cha kufuma wala si cha kupigwa chapa, kwa hiyo rangi yake imo ndani ya uzi na pande zake mbili zinafanana. Ni kizito kuliko kanga, kina milia na matamvua, na kwa maoni yangu ndicho kinachodharauliwa bila sababu: kwa vitu vinavyoguswa na kufuliwa kila wiki, kama vitambaa vya meza na matandiko ya kochi la watoto, kikoi hudumu kuliko vyote.

Jambo la mwisho dukani ni kujua kama nguo ni pamba. Omba uzi mmoja kutoka ukingoni, utoke nao nje na uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi na huacha jivu linalosagika vidoleni. Nyuzi za plastiki hujikunja, huyeyuka na kuacha punje ngumu nyeusi. Kitambaa cha plastiki hakinyonyi jasho, na katika joto la Tanga au Mombasa utajuta kila unapoegemea mto. Muuzaji mzoefu hatakasirika ukifanya jaribio hili.

Hatua ya pili: Chagua nguo moja iongoze chumba

Kosa linaloonekana zaidi ni kuipenda kila nguo. Mtu hununua kitenge chenye feni kwa mapazia, kanga yenye korosho kwa mito, na kikoi chenye milia mitano kwa meza, na chumba kinakuwa kama genge la mitumba siku ya Jumamosi. Chagua nguo moja tu yenye mchoro mkubwa, uitandaze sakafuni mchana wenye mwanga wa jua, kisha uhesabu rangi zake. Kanga nyingi zina rangi tatu au nne tu, na hilo ni msaada mkubwa, kwa kuwa rangi hizo ndizo zitakazokuwa rangi za chumba chote.

Rangi iliyo hafifu kuliko zote, ambayo mara nyingi ni nyeupe, maziwa au njano ya mchanga, ipeleke kwenye kuta na mapazia. Rangi ya pili kwa nguvu iende kwenye zulia au mkeka na kwenye foronya zisizo na mchoro. Rangi kali, ile inayolivuta jicho kwanza, iachie nguo yenyewe pamoja na kitu kimoja au viwili vidogo, kama kivuli cha taa au chungu cha maua. Wapambaji hupenda kutaja mgawanyo wa sehemu 60, 30 na 10 kwa mia, nao ni mwanzo mzuri kwa asiyejiamini, ingawa chumba chenye dirisha dogo kinataka weupe mwingi zaidi ya huo.

Ikiwa lazima uweke michoro miwili, itofautishe kwa ukubwa. Mchoro mkubwa wa kitenge hukaa vizuri na milia myembamba ya kikoi. Michoro miwili mikubwa hugombana.

Kisha soma jina la kanga, tena usome kama atakavyosoma mgeni wako. Kanga inayosema wivu wako hasara yako ni tamu inapovaliwa kwenda mtaani, kwa kuwa anayelengwa hupita na kuondoka. Ukiitundika sebuleni, siku wifi yako atakapokuja kukaa wiki mbili atakuwa anakula chakula chako mbele ya maneno hayo asubuhi na jioni, na kila mtu anajua kwamba kanga haisemi bure. Kwa nyumba, tafuta majina ya dua, ya kukaribisha au ya shukrani.

Hatua ya tatu: Fua kabla ya kukata

Kanga mpya huja ikiwa ngumu kwa sababu ya wanga wa kiwandani, na nguo ya pamba isiyowahi kufuliwa bado haijarudi, yaani haijasinyaa. Tegemea kupoteza hadi sentimita tano katika kila mita. Ukiishona kwanza na kuifua baadaye, foronya itaubana mto na pazia litapanda kutoka sakafuni kama suruali ya mtoto aliyerefuka.

Hatari kubwa zaidi ni kuchuja. Nilijifunza hili kwa aibu. Foronya zangu za kwanza nilizishona kwa kisutu, ile kanga ya kale ya nyekundu, nyeupe na nyeusi inayovaliwa harusini, na sikuifua kwa sababu niliuogopa mng'ao wake kupungua. Mjomba wangu alikuja siku ya Idi na kanzu nyeupe, ametoka kutembea juani, akaegemea mto na kunywa chai yake bila haraka. Aliponyanyuka alikuwa na muhuri wa waridi mgongoni, mraba kamili wenye pembe nne.

Jaribu hivi: lowesha kipande cha kitambaa cheupe cha pamba, ukisugue kwenye rangi kali ya nguo kwa nusu dakika, kisha ukitazame. Kikitoka na rangi, loweka nguo peke yake katika maji baridi, uisuuze, ubadilishe maji, na uendelee mpaka maji yabaki safi, hata kama ni mara sita. Wengi hushauri kutia chumvi au siki ili rangi ishike. Kwa nguo iliyokwisha kutiwa rangi kiwandani vitu hivyo havifungi rangi, na kazi inafanywa na maji mengi tu. Nguo ambayo baada ya mara nane bado inachuja ipeleke ukutani ndani ya fremu, mahali ambapo hakuna atakayeigusa.

Ianike kivulini ikiwa imegeuzwa, kisha ipige pasi ingali na unyevu kidogo, ukifuata uzi wa urefu na wa upana. Usiivute kwa mshazari, kwa kuwa kanga huenda pembeni kwa urahisi na mraba utakaoukata hautakuwa mraba.

Hatua ya nne: Shona foronya za mito

Hii ndiyo kazi ya kuanzia, nami nitakaa nayo kidogo kwa sababu aliyeimudu ameshamudu nusu ya mengine yote.

Mto wa kawaida wa kochi ni sentimita 45 kwa 45. Usinunue mto mpya ikiwa unao wa sufi uliochoka; ufungue, uuanike juani siku nzima, uuchambue mabonge kwa vidole, na utaumuka tena. Foronya rahisi kuliko zote ni ile isiyo na zipu wala vifungo, ambayo nyuma yake ina vipande viwili vinavyopishana. Kata kipande cha mbele chenye sentimita 47 kila upande, ambacho kinatoa nafasi ya mshono ya sentimita moja kila ukingo. Kata vipande viwili vya nyuma, kila kimoja sentimita 47 kwa 33. Katika kila kipande cha nyuma, chukua ukingo mmoja mrefu, ukunje sentimita moja, ukunje tena sentimita mbili, upige pasi na upitishe cherehani. Sasa laza kipande cha mbele mezani, mchoro ukitazama juu, weka vipande vya nyuma juu yake vikiwa vimepinduka, kingo zilizokunjwa zikipishana katikati kwa sentimita 13, kisha shona kuzunguka pande zote nne. Punguza ncha za pembe kwa mkasi bila kuukata mshono, pitisha zigizaga kwenye kingo ili zisifumuke, na ugeuze. Sukuma pembe kwa kijiti butu, si kwa mkasi.

Kwa kitenge hesabu ni nyepesi. Yadi moja na robo inatosha foronya mbili kamili: mstari mmoja wa vipande viwili vya mbele, na mistari miwili ya vipande vya nyuma, na pembeni unabakiwa na utepe wa sentimita 21 hivi. Nunua yadi moja na nusu, kwa sababu ya kurudi na kwa sababu mkono hukosea.

Kwa kanga, weka chaki chini kwanza. Fundi mmoja wa mtaani kwetu, hodari wa magauni, nilimpa kanga yenye maneno MGENI NJOO MWENYEJI APONE nikamwambia anishonee mito miwili, nami nikaenda zangu. Nilirudi nikakuta mto mmoja unasema MGENI NJOO MWE na mwingine unasema NYEJI APONE. Alikuwa amekata kwa hesabu safi kabisa, bila kupoteza hata sentimita, na kosa lilikuwa langu kwa kutomwelekeza. Mito hiyo ninayo mpaka leo, na lazima ikae pamoja kwa mpangilio maalumu, kama wanandoa walionuniana.

Njia iliyo sahihi ni kuanza na jina. Maneno ya kanga mara nyingi hayaenei kwenye mto wa sentimita 45, kwa hiyo yatengenezee mto mrefu wa sentimita 90 kwa 30 utakaokaa katikati ya kochi. Kata kipande cha sentimita 92 kwa 32, jina likiwa katikati kabisa, ili juu yake uonekane mji na chini yake lionekane pindo. Ikiwa jina ni refu kuliko hapo, refusha mto, usifupishe maneno. Baada ya hapo, sehemu ya mji iliyobaki juu kwa kawaida inatosha vipande viwili vya mbele vya sentimita 47, na kwa hiyo kanga moja inakupa mto mmoja wenye neno na miwili yenye mchoro. Pima kanga yako mwenyewe kabla ya kuamini hesabu hii, kwa kuwa upana wa pindo hutofautiana. Na ikiwa mji una pambo moja kubwa la katikati, kama korosho kubwa au nanasi, kanga hiyo usiikate; inangoja hatua ya sita.

Migongo ya foronya za kanga ishone kwa marekani, yaani kitambaa cha pamba kisicho na mchoro. Ni imara, ni bei nafuu, na jina lake lenyewe linakumbusha vitambaa vya pamba vilivyoletwa Zanzibar na merikebu za Wamarekani katika karne ya 19. Kama kanga ni laini mno na mto unaonekana kwa ndani, weka marekani chini ya kipande cha mbele pia na ushone vyote viwili kama kitambaa kimoja.

Kuhusu kufunika kochi lenyewe kwa kanga, jibu langu ni hapana. Kanga ni nyepesi kwa kukaliwa, na itapasuka kwenye mshono ndani ya miezi michache. Viti vya mezani vinaweza kuvikwa kitenge kizito chenye turubai chini yake, lakini kochi la familia linataka kitambaa cha makochi.

Hatua ya tano: Kata na kutundika mapazia

Pima bomba la pazia, si dirisha. Bomba lipite dirisha kwa sentimita 15 au 20 kila upande, na likae juu ya dirisha karibu na dari kadiri inavyowezekana, kwa sababu hilo ndilo linalokifanya chumba kifupi kionekane kirefu.

Pazia linahitaji upana wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya bomba ili liwe na marinda. Tuchukue bomba la sentimita 150. Vipande viwili vya kitenge, kila kimoja kikiwa na upana wake wote wa sentimita 115, vinatoa sentimita 230, yaani mara moja na nusu, na huhitaji kuunga popote. Kama kutoka bombani hadi sakafuni ni sentimita 220, ongeza sentimita 10 za kukunja juu na 15 za kukunja chini, upate 245 kwa kila kipande na 490 kwa vyote viwili. Kitenge cha yadi sita kina sentimita 548 kikiwa kipya na kama 520 kikishafuliwa. Kwa hiyo kipande kimoja cha yadi sita ni dirisha moja, na unabakiwa na sentimita 30 ambazo utazihitaji mara moja.

Utazihitaji kwa ajili ya kulinganisha michoro. Pima umbali kutoka ua moja hadi ua lile lile linalofuata. Huo ndio mrudio wa mchoro. Kipande cha pili lazima kianzie mahali pale pale katika mchoro ambapo kipande cha kwanza kilianzia, la sivyo ukifunga mapazia ndege mmoja atakuwa kichwani na mwenzake magotini. Ikiwa mrudio ni mkubwa kuliko kitambaa cha ziada ulichonacho, ongeza yadi moja.

Weka bitana, yaani kitambaa cha pili nyuma ya pazia. Jua la saa tisa alasiri kwenye dirisha linaloelekea magharibi huipausha nyekundu kabla ya mwaka kuisha, na bitana ya pamba nyeupe hulipokea jua hilo kwa niaba ya kitenge. Shona bitana juu tu pamoja na pazia, uiache huru chini na pembeni, ikiwa fupi kwa sentimita tatu, kwa kuwa vitambaa viwili havirudi sawasawa. Pinda chini kwa mkono kwanza, utundike pazia siku mbili ili lining'inie kwa uzito wake, kisha ndipo upitishe cherehani.

Kikoi kinaweza kutundikwa bila kushonwa kabisa kwa pete zenye kibano, matamvua yakiwa chini. Kwa mpangaji asiyejua atakaa wapi mwakani, hilo ndilo pazia bora.

Hatua ya sita: Tundika kanga ukutani

Kanga nzima ikinyooshwa vizuri ni picha ya mita moja na nusu, na gharama yake ni doti moja na mbao. Mwombe seremala akutengenezee fremu ya mbao za inchi mbili kwa moja yenye ukubwa kamili wa kanga yako baada ya kufuliwa, na ubao mmoja wa kukatiza katikati ili isipinde. Watu wengi hutengeneza fremu ndogo kuliko kanga ili wapate kitambaa cha kukunjia nyuma, na hapo pindo linapotea mgongoni. Badala yake, shonea kanga utepe wa marekani wa sentimita 10 kuizunguka pande zote, kisha huo utepe ndio ukunjwe nyuma na kupigwa pini za fundi wa makochi. Anza kwa pini moja katikati ya kila upande, nyoosha kuelekea pembeni ukibadilisha pande, na malizia na pembe. Ukianza na pembe, kanga italegea tumboni.

Kwenye nyumba za mawe za mwambao kuta hupumua unyevu na kutoa chumvi. Bandika vipande vidogo vya mbao nyuma ya pembe nne za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta, vinginevyo madoa ya ukungu yataanza nyuma na utayaona ukiwa umeshachelewa. Usiitundike inapopigwa na jua moja kwa moja, na urefu wake uwe ni ule ambao katikati ya picha iko usawa wa macho ya mtu aliyesimama.

Hatua ya saba: Ongeza vilivyosukwa

Nguo peke yake hufanya chumba kiwe laini kupita kiasi, kwa hiyo kinahitaji kitu chenye ugumu wa kusukwa. Mkeka wa ukili chini ya meza ndogo, vikapu vya Iringa vya milulu kwa magazeti na michezo ya watoto, kiondo cha mkonge kwa kuweka chungu cha maua, au nyungo tano za ukubwa tofauti ukutani. Nyungo zipange sakafuni kwanza, kubwa kuliko zote isiwe katikati kabisa, uipige picha kwa simu, kisha ndipo upige misumari.

Kutoka Uganda kuna kitambaa cha gome la mti wa mutuba, ambacho utengenezaji wake ulitangazwa na UNESCO mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi wa binadamu. Rangi yake ya udongo inakwenda vizuri na karibu kila kanga yenye nyekundu au njano, na hupendeza kwenye kivuli cha taa mradi balbu iwe ya LED isiyopata moto. Hakifuliwi, hupanguswa vumbi kwa brashi laini tu. Kwa hiyo kisikae karibu na meza ya chakula.

Hatua ya nane: Tumia mabaki

Hapa ndipo mavazi na nyumba vinakutana kwa vitendo. Kila mwenye ndugu ana sare za harusi alizovaa mara moja, na kila fundi wa nguo ana gunia la vipande chini ya meza ambalo atakupa kwa bei ya soda. Viraka vimerudi kwenye magauni na makoti, na kwenye mito vinakaa vizuri zaidi. Kata miraba 25 ya sentimita 11, iunge mitano mitano kwa mshono wa sentimita moja, kisha uunge mistari mitano pamoja. Utapata kipande cha sentimita 47 kamili, tayari kuwa mbele ya foronya ya hatua ya nne. Piga pasi kila mshono kabla ya kuanza mwingine. Zipange rangi kwa giza na mwanga, si kwa michoro, na katika kila mistari miwili weka angalau mraba mmoja usio na mchoro ili jicho lipate pa kupumzika.

Kutunza

Foronya zigeuze kabla ya kuzifua, tumia maji baridi na sabuni isiyo na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na uzianike kivulini. Mapazia yakung'ute vumbi kila mwezi na uyafue mara mbili kwa mwaka, pamoja na bitana zake. Kila miezi mitatu hamisha mito kutoka upande wa dirisha kwenda upande wa ukuta, ili ipauke kwa usawa.

Na kwa kuwa kanga huuzwa kwa doti, kata kipande kimoja tu. Cha pili kifue pamoja na cha kwanza, ukikunje na kukiweka kabatini. Machapisho ya kanga hubadilika, na mwakani ukirudi dukani kwa sababu mto mmoja umemwagikiwa mchuzi, huenda mchoro huo usiwepo tena.